Uso wa Mama kwenye Sabuni

Wakati wa vita, treni ilipoacha kufika Kindu na sabuni ikapotea sokoni, mama yake Bibiche alipika ya mawese na majivu, na mtaa mzima ukaoga. Yeye hakuuona mwisho wa vita. Bibiche alirithi kazi ya sabuni na picha moja ya mama.

Mwaka huu alitaka karatasi nzuri ya kufungia. Akamtumia mchoraji wa ng'ambo ile picha kwa simu, amchoree uso wa mama. Siku ya kupatana aliita mashahidi wawili, wakaketi mbele ya simu wamevaa kama wanaenda kuposa. Mchoraji akasema ndiyo, mashahidi wakatafuna kokwa za kola za kufunga mapatano, wakaenda zao.

Sasa uso uleule uko kwenye karatasi ya sabuni ya tajiri wa mji mwingine, inauzwa hapa hapa bandarini.

"Alikuandikia kama muchoro ni wako peke yako?" akauliza wakili, Maître Zéphirin.

"Mashahidi walikuwa pale, Maître."

"Walisikia akikubali kuchora. Kukuachia haki ya muchoro, nani alisikia? Bila maandishi, muchoro ungali wake, anauza tena. Na kumushitaki kule kwao ni safari ingine. Mara ijayo, mama, muandikiane kwanza."

"Mara ijayo nitamutumia mama gani?"

Akaaga, akatoka.

Njiani Bibiche alinunua kipande cha sabuni ya tajiri, akafika nyumbani, akaoga nayo. Ilitoa povu zuri. Alipomaliza, karatasi yake hakuitupa.