Kopo la Maji Baridi

Fundi wa Voi aliamini viganja vyake kuliko macho. Gari likiingia, hata kabla ya salamu, hulipapasa boneti kama mama anayepima homa ya mtoto, huku akipiga mluzi wa wimbo wa kanisani. Pikapu ya Thadeus, ya kubebea kabichi, alikuwa ameipapasa mpaka wakazoeana: kila akiweka gasketi mpya ya kuziba hedi, kile kifuniko cha juu cha injini, injini ilichemka tena na gasketi ikaungua. Thadeus alishaanza kumnung'unikia.

"Leo tunapanda sote hadi Wundanyi," fundi akasema. "Niione ikiugua."

Kwenye kona za mlimani injini ikachemka. Kwa mazoea, Thadeus akakimbilia kijitoni, akarudi na kopo la maji baridi, tayari kuyamimina kwenye rejeta. Fundi akalipokonya, akammwagia yote mgongoni. Thadeus akaruka akipiga yowe.

"Wewe umejikunja, sasa utajikunjua," fundi akasema, akicheka hadi machozi. "Hedi ya chuma ikiwa moto, maji baridi huipinda, na ikipinda haijinyooshi. Gasketi itaziba nini hapo?"

Wakaketi kando ya barabara kungoja injini ipoe. Baadaye Thadeus akainuka, shati likimchuruzika, akaweka kiganja juu ya boneti.

"Bado," akasema, akarudi kuketi.