Saba Mara Nane

Harufu ya asali ya tende inanitia kichefuchefu mpaka leo, na mtu wa Ibra mwenye maradhi kama hayo ana kazi. Kila nyumba ninayoingia huletewa sahani ya tende kabla sijakaa sawasawa, nami hunyoosha mkono, nikachukua moja ya heshima, nikaificha kiganjani mpaka nipate pa kuitupa. Watu hudhani naogopa sukari. Siogopi sukari. Chumba nilichosomea mwaka wangu wa kwanza kilikuwa ghala la tende la ami yangu, chumba kirefu kisicho na dirisha ila tundu moja karibu na dari, na sakafuni mlikuwa na mifereji ya kupitisha asali inayochuruzika kutoka kwenye vikapu wakati wa mavuno. Miezi ile vikapu havikuwamo, lakini harufu ilikwishaingia ukutani. Ukikaa mle tangu saa mbili asubuhi mpaka adhana ya adhuhuri, unatoka nywele zinanuka, daftari linanuka, na sisimizi wanakufuata mpaka kitandani.

Tulikuwa tumetoka Unguja mjini, miaka michache baada ya nchi hii ya Kiarabu kuwafungulia milango watu wake waliokuwa Afrika. Baba alipata ukarani katika idara ya maji, na kaka yake, Ami Khalfan, ambaye hakuwahi kutoka Ibra maisha yake yote, alitupa upande mmoja wa nyumba yake ya udongo. Mama alikuwa mwalimu, tena si wa kubahatisha. Alikuwa amesomesha wasichana Unguja miaka kumi na moja, na alitembea kama mwalimu hata akienda kuteka maji. Dada yangu Zuwena alikuwa na miaka kumi na miwili, ameliacha darasa la sita katikati. Alisema atakuwa daktari, na hakusema vile wasemavyo watoto, leo daktari kesho rubani; alikuwa amekwisha muuliza Mama ni miaka mingapi imebaki, na kila Idi Kubwa akipunguza mmoja. Mimi nilikuwa na miaka saba na sijui kitu.

Skuli ya wasichana wakati huo ilikuwa mahema manne na chumba kimoja cha matofali, na darasa la juu kabisa lilikuwa la tatu. Zuwena alisoma Kurani vizuri kuliko wengi waliozaliwa hapa, lakini Kiarabu cha kujieleza na kuandika hakuwa nacho, kwa hiyo mwalimu mkuu, mgeni kutoka nchi nyingine ya Kiarabu, alituambia kwa upole kabisa kwamba tuanze sote wawili darasa la kwanza. Tulikwenda siku moja tu. Zuwena alipoinama kuingia hemani, watoto wote waliinuka kwa pamoja wakasema, "Sabah al-khair, ya abla!" Walidhani ndiye mwalimu wao. Alipokuja kukaa kwenye bao la kukalia pembeni yangu, magoti yamemfika kidevuni, hema lote likaangua kicheko, na siku nzima jina lake likawa "abla". Hata abla mwenyewe alijiziba mdomo kwa ushungi. Zuwena hakulia njiani. Alifika nyumbani, akalala, akajifunika kanga gubigubi, na chakula cha mchana hakukigusa.

"Hawarudi," Mama alisema siku ile ile, Baba akiwa hajavua hata viatu. "Wote wawili. Nitawasomesha mwenyewe."

"Utawasomesha nini, Mama Zuwena? Huku cheti ni cha Kiarabu."

"Hesabu ni hesabu popote. Hicho Kiarabu tutajifunza pamoja. Mwanangu hatakaa na vitoto vya miaka sita vikimcheka."

Walivutana siku tatu. Mwisho Baba alileta habari kutoka kazini kwake, kwamba anayesoma nyumbani anaweza kuruhusiwa kufanya mtihani wa darasa la sita pamoja na wengine akiwa yuko tayari. Hapo Mama akapata pa kushika. Wakaafikiana hivi: Mama atusomeshe mpaka Ami Khalfan atakapolihitaji ghala lake kwa mavuno, halafu Baba atupime. Na atakayepimwa kwa kweli ni mimi. "Zuwena amekuja na elimu yake kutoka Unguja," alisema, "huyo hatanionyesha kitu. Huyu mdogo ndiye atakayenambia kama mama yake anasomesha au anajifurahisha." Nikifaulu, tutaendelea, na Baba atatafuta mtu wa kumsomesha Zuwena Kiarabu pamoja na vitabu vya mtihani. Nikishindwa, mimi nitakwenda hemani na Zuwena atakaa ndani angoje nasibu yake. Nilikuwepo, nakula mkate, nikasikia kila neno. Katika yote hayo, lililonikaa ni moja: nikishindwa, nitapelekwa skuli.

Mama aliutoa mlango mbovu wa banda la mbuzi, akaupaka masizi yaliyochanganywa na unga mweusi wa betri kuukuu, ukawa ubao. Chaki ilikuwa vipande vya chokaa vilivyobanduka ukutani. Aliandika ratiba. Aliita majina kila asubuhi, majina mawili, akisubiri kila mmoja aitikie kama vile tupo arubaini. Na aliweka sharti moja ambalo Zuwena alilikubali mara moja na mimi sikulikubali hata siku moja: mle chumbani yeye si Mama, ni Mwalimu. Ukimwita Mama hageuki. Siku moja nilijikata kidole nikichonga penseli, nikalia, "Mama, damu!" Aliendelea kuandika. Nikalia tena. Akasema bila kugeuka kwamba humu hamna mama wa mtu, mwenye haja na mwalimu anyooshe mkono. Zuwena ndiye aliyenifunga kidole kwa pindo la kanga yake. Sasa najua kwamba alikuwa na hofu, kwamba akilegea kidogo tu Baba na Ami wataiona skuli yake mchezo wa kitoto, wa kibandabanda. Lakini mtoto wa miaka saba hajui hayo. Nilichojua ni kwamba nilikuwa na mama mpaka saa mbili, halafu ninanyang'anywa.

Na nje kulikuwa na Shamsa, mtoto wa jirani, rika langu, ambaye kila asubuhi alipita mlangoni kwetu na sare yake na mkoba mgongoni, na kila mchana alirudi na biskuti na maziwa ya pakiti ya skuli. Alikuwa akiyanywa mbele yangu polepole, kwa makusudi, shetani mdogo yule. Niliutamani ule mkoba mpaka nikauota. Sikufikiri kwamba huko nako nitachekwa. Nilifikiri mkoba tu.

Alasiri, Mwalimu alipokwisha rudi kuwa Mama na kuwasha moto wa chakula, Zuwena alinichukua chini ya mtende uani akanifanyisha jedwali kwa kokwa za tende. Alikuwa na subira ambayo Mama hakuwa nayo. Saba mara nane ilinipa tabu kuliko zote, basi akazipanga kokwa safu saba, kila safu nane, akaniambia nizihesabu, nizivuruge, nizipange mwenyewe, nizihesabu tena. Tulifanya hivyo siku nne. Siku ya tano aliniuliza nikiwa usingizini nusu nikajibu hamsini na sita, akacheka akanibusu shavuni. "Basi," alinambia, "tumepona."

Joto likaanza kukaza, tende zikaanza kuiva, na Ami Khalfan akaja kulikagua ghala lake. Ijumaa baada ya sala ya alasiri Baba alitandika mkeka uani, Ami akakaa pembeni na kahawa yake. Zuwena aliulizwa kwanza, kwa adabu tu, akajibu yote, hata moja ya kugawa nguo ya pima thelathini ambayo Baba mwenyewe ilibidi aipige kwanza kwenye karatasi. Halafu nikaitwa mimi. Nilisoma vizuri mstari wa kwanza wa kitabu, kisha nikamwona Mama kasimama nyuma ya Baba, wima, mikono nyuma, yule Mwalimu, na nikaanza kugugumia kwa makusudi. Baba akakunja uso. Akakiweka kitabu chini. "Saba mara nane?"

"Sijui."

"Hebu fikiri."

"Arubaini."

Mama akasema, "Jana aliijua." Baba akajibu kwamba jana si leo. Ndipo Mama alipokuja mbele, akachutama, uso wake ukawa sawa na wangu, akanishika mikono yote miwili. "Saba mara nane," alisema. "Nambie, mwanangu." Mwanangu. Mbele ya watu, katikati ya somo. Nilikuwa nimekipata nilichokitaka tangu siku ya kwanza, na jibu lilikuwa hapa, kwenye ulimi. Nilimtazama Zuwena. Alikuwa amefumbua mdomo. Akaufumba. Nikasema tena, sijui.

Hakuna aliyegomba. Baba alisema basi, Mama Zuwena, umejaribu, na Ami Khalfan akasema tende zinaingia Jumapili. Mama alikwenda jikoni akapika kama siku nyingine. Jumapili vikapu viliingizwa, na ule mlango wa mbuzi ukalazwa chini uwe kitako cha vikapu vya ukutani, maandishi yakitazama juu, na haikupita siku nyingi asali ikaanza kuchuruzika juu ya hati ya Mama. Mimi nilipelekwa hemani. Nilipata mkoba. Maziwa ya pakiti yalikuwa ya uvuguvugu na sikuyapenda, na watoto walinicheka Kiarabu changu mpaka darasa la tatu.

Zuwena alikaa ndani. Alifagia, alipika, alinisaidia hesabu nilizoletewa nyumbani mpaka zilipokuwa za Kiarabu kigumu na hakuweza tena. Alipotimiza miaka kumi na mitano aliposwa na mtu wa Sur, mtu mwema, sina la kumsema, na akaenda. Alizaa watoto saba. Madarasa ya watu wazima yalipofunguliwa karibu na kwake alikwenda wiki mbili akaacha, kwa sababu mwalimu alikuwa mdogo kuliko mwanawe wa kwanza na alimwita "mama" kwa huruma. Mama yeye hakushika tena chaki. Wageni wakimuuliza, alisema kazi ile aliiacha Unguja, kwamba mkono wake huku umekataa, hata mwanawe wa kumzaa alishindwa kumfunza jedwali la saba. Alilisema kwa kucheka. Nililisikia mara nyingi, na mara zote nilikuwa na nafasi ya kusema, na sikusema, mpaka tulipomzika. Na mimi, Mungu anisamehe, nilikuwa mwalimu wa hesabu miaka thelathini.

Yote haya yamenirudia kwa sababu ya mwanangu Ibtisam. Anakaa Nizwa, na mtoto wake Mazin, wa miaka minane, anaogopa skuli kiasi cha kutapika mlangoni. Ibtisam anataka kumtoa, amsomeshe mwenyewe nyumbani. Ana vitabu, ana kompyuta, ana kila kitu ambacho Mama hakuwa nacho, na ana hofu ile ile. Alinitaka shauri, nikashindwa kutoa, mimi niliyetoa mashauri kwa wazazi wa watu wengine maisha yangu yote. Nikamwambia twende Sur kwa mama yako mkubwa. Akaja kwa njia ya Bidbid, akanipitia Ibra, mtoto amekaa nyuma.

"Shikamoo, Mama Mkubwa," Ibtisam alisema, kisha akamwaga yote kwa Kiswahili chake cha kuokoteza. "Wallahi sijui nifanye nini. Kila sabah analia. Nimtoe, nisimtoe?"

"Marahaba, mwanangu." Zuwena alikuwa akimmenyea Mazin chungwa. "Umemuuliza mwenyewe?"

"Nimemuuliza, khala. Hasemi kitu."

"Muulize tena, na umtazame. Mtoto akitaka kitu anakwambia, ila pengine anakwambia kwa uongo. Mie nilimuona mtoto kaulizwa saba mara nane, anaijua kama jina lake, akasema hajui. Watu wazima watatu pale, hapana aliyemuuliza kwa nini."

Ibtisam alicheka, akidhani ni hadithi ya mtoto wa jirani. Mimi nikangoja mpaka alipotoka na Mazin kwenda kunawa mikono.

"Ulijua," nilisema.

"Si nilikufunza mie? Kwa kokwa."

"Mbona hukusema, Dada? Ungesema neno moja tu."

Alinitazama, akashangaa kwamba jambo hilo linataka kuelezwa.

"Ungepigwa," alisema, akachukua chungwa jingine.

Nimerudi Ibra na neno hilo, na sijui niliweke wapi. Baba hakuwa na mkono mzito. Kipigo chake kingeniuma mpaka magharibi, na kesho yake asubuhi Mama angeita majina mawili, nasi sote wawili tungeitikia.