Daftari Lililomganda Mama Mkwe

Siku mama mkwe wangu alipokuja kunikagua, aliondoka na daftari limemganda makalioni.

Msicheke kwanza. Ndoa yangu ilikuwa inaning'inia pale pale.

Mimi ni fundi wa madaftari ya mkono. Nakunja karatasi, nashona kwa uzi uliopakwa nta, napaka gundi, navika jalada la ngozi. Ndani hayana hata mstari. Kazi nilifundishwa na mjomba, na karakana yetu ni chumba kimoja chenye meza, mawe ya kukandamizia na harufu ya gundi.

Mchumba wangu alikuwa ameniambia wazi. Kwao baba hana neno, wajomba hawana neno. Mwenye neno ni mama. Akisema hapana, imeisha hiyo.

Mama akaja bila taarifa, mkoba kwapani, binti yake, yaani mchumba wangu, nyuma. Akachukua daftari, akalipekua mpaka mwisho.

"Mbona halina kitu?"

"Anayenunua ndiye anaandika, mama."

"Yaani akulipe wewe, halafu kazi afanye yeye?"

Kwa kweli sikuwahi kuliwaza hivyo.

Pembeni palikuwa na rundo la madaftari lililofika magotini. La juu kabisa nilikuwa nimeshalipaka gundi, bado kuvika ngozi tu. Nikageuka kuchukua ngozi. Nilipogeuka tena, mama alikuwa ameketi juu ya rundo, ametulia, kama yuko sebuleni kwake.

Mchumba wangu akaniangalia. Macho yake yalisema: fanya kitu!

"Mama, hapo ulipo..."

"Usinikatize, kijana. Naongea."

Akaongea. Aisee, akaongea! Alianza na ukoo wake, akashuka kwa mumewe, akamalizia na kiuno kinavyomsumbua. Kila nikifungua mdomo, anainua kidole. Na gundi yangu naichemsha mwenyewe, haina utani.

Alipoinuka, daftari likainuka naye.

Gauni la maua, na katikati daftari, limekaa sawa kabisa. Jasho likanitoka. Lakini kama fundi niseme ukweli, lilishika vizuri.

Nikaamua kumsindikiza. Nilitembea nyuma yake kwa karibu, nimetandaza mikono nimkinge. Wapi! Kinyozi alitoka nje na mteja wake mwenye povu kidevuni. Muuza viatu akavua kofia.

"Mama, samahani, hapo nyuma..."

"Ya nyuma tumeshayaacha, kijana. Tazama mbele."

Kwao tulimkuta baba mkwe na wajomba sebuleni. Mama akawapa mgongo, akatundika mkoba wake.

Wote wakaona. Baba mkwe akaanza kukagua dari. Mjomba mmoja akanywa chai kwenye kikombe kitupu.

Mama akasimama katikati. "Kijana huyu nimemkubali."

Nikinyamaza, atafika chumbani avue gauni, na mke nimemkosa. Nikapiga magoti.

"Mama, nisamehe. Ulikalia gundi. Una daftari nyuma."

Akanitazama kwa huruma. "Najua."

"Unajua?"

"Mtu asijue kilichoko makalioni kwake? Nililihisi tangu nainuka. Nikasema moyoni, kumbe mafundi hawa wana desturi yao ya kumvika mkwe. Wenzako waliokuja kuchumbia hapa walileta maneno tu. Wewe umenivika kazi ya mikono yako, ukanifuata umetandaza mikono, mtaa mzima ukatoka kuniona!"

"Mama, si desturi. Ni gundi tu."

"Nyamaza! Usidharau mila za kwenu mbele ya wazee."

Mchumba wangu akanikanyaga mguu. Nikaitikia, "Sawa, mama."

Siku ya harusi, shangazi wote wa bibi harusi walitaka wavikwe madaftari. Niliyashona madaftari yale mwenyewe, na yule mjomba aliyenifundisha kazi akashika brashi ya gundi. Walipomuuliza desturi hii ilianza lini, akakohoa, akasema, "Zamani sana." Nilitamani ardhi inimeze, na huku nina furaha isiyo na kifani.

Sasa binti yetu amekua, anachumbiwa. Kijana ni fundi umeme, na ameshaambiwa kwamba kwetu mkwe hapokei mgeni bila kuvikwa daftari. Jana nilimweleza ukweli wote, tangu rundo mpaka mtaani. Akacheka.

"Baba, msinipime bwana. Mila za kwenu naziheshimu."

Bibi yake binti, yaani mama mkwe wangu, alikuwa ameketi pale pale. Akatikisa kichwa kwa kuridhika.

Kwa hiyo nawaambia ninyi mnaosoma: jambo la aibu liseme gundi ikiwa bado mbichi. Ikikauka, inakuwa mila.

Niwaache hapa. Wageni wako njiani, na mke wangu ameshika brashi, ananiambia nigeuke.