Folda ya Mwalimu Anselmi

Haya niliyaona mimi mwenyewe, mchana, jua likiwaka, sina homa wala sijasinzia. Sikusimuliwa na mtu.

Miaka ile maduka ya kompyuta zilizotumika yalikuwa yameanza kufunguliwa Masasi mjini, na shule yetu, upande wa Chiwata, ikapata kompyuta moja. Mimi ni mtu wa Newala, nilikuwa na mwezi mmoja tu tangu nije kufundisha kompyuta. Nikakuta programu ndogo iliyoachwa na mwalimu aliyenitangulia. Ililinganisha daftari la darasa na orodha ya kidato cha nne wanaosajiliwa kwa mtihani wa taifa. Asiyekuwemo kwenye orodha, basi, hafanyi mtihani mwaka huo.

Siku hiyo ilikuwa ya mwisho kutuma orodha, mwisho saa kumi jioni. Niliita programu kwenye lile dirisha jeusi la kuandikia amri, ikajibu orodha imekamilika. Nikaiendesha ndani ya kihariri, pale ninapoandikia programu, ikasema anapungua mmoja. Faili lile lile, dakika ile ile. Ungemwamini nani hapo?

Nilihangaika tangu asubuhi mpaka saa nane. Nikafunga kihariri, nikakifungua, nikaondoa kiendelezi chake, kile kijiprogramu cha nyongeza, na kukiweka upya. Wapi. Mwishowe nikagundua kihariri kinamtumia mkalimani mwingine, yaani ile programu inayosoma maandishi yetu na kuyatekeleza, naye alikaa kwenye folda ya zamani iitwayo anselmi. Nikasema dawa ni kuifuta. Kidole kilikuwa tayari kwenye kitufe.

"Usifute, mwanangu."

Nikageuka. Mzee mwembamba, shati jeupe lililopigwa pasi, alikuwa amesimama nyuma yangu. Sikumsikia akiingia. Nikampa shikamoo, akaitikia marahaba taratibu. Nilidhani ni mzazi wa mwanafunzi.

Akaniambia niwaulize wakalimani wote wawili wanakaa wapi. Nikaandika amri, kila mmoja akataja njia yake. Wa dirisha jeusi alikuwa yule niliyemweka mimi wiki ile. Wa kihariri alikuwa yule wa zamani. Mzee akanieleza kwamba kila mkalimani ana kabati lake la vifaa. Kifaa cha kulinganishia nilichoweka mimi kilitazama majina peke yake. Kile cha zamani kilitazama na tarehe ya kuzaliwa.

"Fungua daftari, penye herufi S," akasema.

Unajua nilikuta nini? Somoe Hassani Issa wawili, mmoja wa Chiwata, mwingine wa Lulindi. Kwenye orodha alikuwepo mmoja tu. Kumbe nilikuwa namwacha binti wa watu nje, na kompyuta inaniambia mambo safi.

Nikaongeza jina, nikalielekeza dirisha jeusi kwa mkalimani yule yule wa zamani, na sasa pande zote mbili zikajibu sawa. Orodha ikatoka kabla ya saa kumi. Nikamsikia mzee nyuma yangu, sauti imeshuka.

"Mwaka mmoja nilimwacha mmoja hivi hivi. Alikuja na kalamu zake, akarudishwa mlangoni."

Nikageuka kumshukuru. Chumba kitupu.

Nje, penye mlango wa pekee wa chumba kile, karani wetu Mama Zainabu alikuwa amekaa tangu saa sita akibangua korosho. Nikamuuliza mzee amepita wapi. Akasema hajaingia mtu wala kutoka. Nilipomweleza sura na lile shati, akaweka bakuli chini. Akaniambia huyo ni Mwalimu Anselmi, yule niliyerithi kazi yake, walimzika kwao Kitangari masika iliyopita.

Niamini, hakupiga kelele. Aliniuliza jambo moja tu.

"Alionekana bado ana huzuni?"

Nikamwambia alionekana kama mtu aliyetua mzigo. Akajifuta macho kwa ncha ya khanga.

Wale akina Somoe wote wawili walifanya mtihani. Mimi usingizi ulinipotea kwa miezi, na mpaka leo nikikaa kwenye kompyuta lazima ukuta uwe mgongoni kwangu. Wanafunzi hucheka, nawaacha wacheke.

Nawe uliyekabidhiwa kazi ya marehemu, usiwe mwepesi wa kufuta. Uliza kwanza ilikuwa inamlinda nani. Mimi nilibakiza kubonyeza tu.