Kwale wa Ngitili ya Wakwe

Baba yangu alikuwa mtega kwale asiye na mahali pa kutegea. Shamba letu, kati ya Didia na Samuye, lilikuwa la mtama na pamba, limelimwa mpaka ukingoni, na kwale hapendi mahali peupe. Anataka majani marefu ya kujifichia. Majani hayo yalikuwa kwa jirani yetu, kwenye ngitili yake, yaani malisho aliyoyazungushia ua wa minyaa na kuyaacha yakue ili ng'ombe wake wapate cha kula kiangazi. Ng'ombe wa mtu mwingine akiingia humo ilikuwa kesi. Mtega ndege aliruhusiwa. Alipiga hodi kwanza, akasalimia, akaingia na vitanzi vyake vya singa za mkia wa ng'ombe, na akitoka alimwachia mwenye ngitili ndege mmoja.

Baba na jirani walitaniana mpaka mama akaona aibu kwa niaba yao. Jirani alimwita baba mwizi. Baba alimjibu kwamba majani ni yake lakini kwale ni wa Mungu, na yule mmoja anayemwachia ni sadaka kwa maskini. Kisha walikaa pamoja mpaka giza likaingia, na sisi nyumbani tukawa tunasikia vicheko vyao.

Kwa hiyo kijana wa jirani aliponiposa, sikujivuta. Nilimpenda, sikatai. Lakini nilikuwa na hesabu nyingine kichwani. Wenzangu walioolewa mbali waliwaona baba zao kwenye misiba tu. Mimi baba yangu angepita mlangoni kwangu kila akienda kutega. Nilijiona nimewazidi akili wasichana wote wa kijiji.

Ng'ombe wa mahari walipelekwa kwetu, nami nikahamia upande wa pili wa minyaa. Kiangazi kikafika, kwale wakaanza kulia alfajiri, na baba hakuja.

Watu wengine walikuja. Watega ndege wa vijiji vya mbali, ambao hata majina yao hatukuyajua, walipiga hodi, wakaingia, wakaacha kwale wao, na mimi ndiye niliyewanyonyoa na kuwapika. Mume wangu alikuwa ameshakwenda Geita kutafuta kazi kwenye machimbo ya dhahabu kama vijana wenzake, hivyo nilimwuliza mama mkwe. Alinishangaa. Baba yako sasa ni mkwe, akaniambia. Mkwe akija huwekewa kiti, huchinjiwa, huzungumza kwa heshima na kuondoka. Hatambai majanini na vitanzi machoni pa watu walioozeshwa binti yake.

Yote hayo niliyajua. Nilikulia humo humo. Ila sikuwahi kufikiri kwamba yangemhusu baba yangu, na nilipoelewa nililia mpaka mama mkwe akaogopa.

Baba mkwe naye hakuwa na raha. Niliporuhusiwa kwenda kuwasalimu wazazi wangu, alinituma nimwambie baba aje, ngitili ni ile ile. Nilimkuta baba anasokota kitanzi. Nilipiga goti, nikasalimu, nikafikisha ujumbe. Alinisikiliza mpaka mwisho.

"Nimekula ng'ombe wake," akasema. "Nikifuata na kwale wake, watu watasema nilikuuza na bado nadai nyongeza."

"Lakini baba, yeye mwenyewe ndiye anayekuita."

"Yeye ananiita kwa wema wake. Atakayesimangwa ni wewe. Sitaki usimangwe kwa sababu ya ndege."

Alikuja mara moja tu, nilipojifungua. Alivaa koti la kuazima katika jua lile, akaketi kwenye kiti alichoandaliwa. Watu wawili waliokuwa wakiitana mwizi na maskini waliulizana habari za mvua na mifugo, wakiitana mkwe, macho chini. Nilipeleka chakula nikipiga magoti, nikarudi jikoni kwa wanawake. Huko nikatega sikio. Niliomba mmoja wao ateleze, amtukane mwenzake hata kidogo tu. Hakuna aliyeteleza. Baba aliaga mapema, kabla kwale hawajaanza kulia kwa jioni.

Homa ilimchukua baada ya masika yaliyofuata. Kwenye matanga nilimwuliza mama kuhusu kitu kilichokuwa kikinisumbua: siku zote hizo baba alitega wapi? Mama akaniambia alikuwa akienda pori la mbali sana, lisilo na mwenyewe, akiondoka alfajiri. Njia ya mkato ilikuwapo. Yeye alizunguka, akapita nje ya ua wetu wa minyaa, kila alipokwenda. Mama alimwuliza kwa nini anajichosha. Akamjibu kwamba husimama pale kunisikiliza nikisaga mtama, na kwa mlio wa jiwe hujua kama mwanawe ni mzima. Siku nyingine hakuondoka mpaka nimemaliza.

Nilikuwa nikisaga alfajiri zote hizo, nimeipa minyaa mgongo, na moyoni nimemkasirikia kwa kutokuja.