Siku Basi la Wageni Lilipopita Kwa Mjomba

Mama mdogo alinipigia simu Alhamisi, mie nikiwa nafua sare za shule. Anafanya kazi kwenye kampuni inayotembeza wageni wa mikutano, ile mikutano mikubwa ya mahotelini Mbezi Beach. Wenyewe wanakaa ukumbini siku nne wakisikiliza hotuba, na wake zao, waume zao, watoto na wajukuu wanatafutiwa pa kwenda wasije wakachoka na bwawa la kuogelea. Safari ile ulikuwa mkutano wa madaktari wa macho. Dada anayewaongozaga familia aliugua, na Jumamosi asubuhi basi dogo lilikuwa linaondoka na watu kumi na wanne.

"Wewe Kiingereza unacho," akasema. "Kazi yako watoto tu. Unawahesabu wakishuka, unawahesabu wakipanda. Maneno mengine atamalizana nayo dereva."

Nilikubali kwa sababu kukataa nako kunataka uongee. Niko kidato cha tatu. Mtihani wa Kiingereza wa kuandika nafanya vizuri, ila mwalimu akinisimamisha nijibu kwa mdomo, sauti inaishia shingoni na darasa zima linapiga kelele, "Ongeza sauti!" Ndiyo maana naandika kwenye daftari. Daftari haliniambii niongeze sauti.

Lakini kulikuwa na sababu kubwa zaidi. Kwenye ratiba ya Jumamosi ile, baada ya magofu ya Kunduchi na kabla ya Bagamoyo, mama mdogo alikuwa amepachika saa nzima ya Boko, kwa mjomba. Mjomba ni kaka yao mkubwa, mama na mama mdogo, na ni mchongaji wa vinyago. Zamani alikuwa anachongea mjini pamoja na wenzake, mahali ambapo watalii wanajileta wenyewe. Mgongo ulipomkatalia safari za kila siku akahamishia kazi uani kwake, mitaa miwili kutoka kwetu. Kila anayepita anavisifia vinyago vyake, ila wanaopita ni majirani, na jirani hanunui kinyago. Mama mdogo alimbembeleza bosi wake miezi na miezi mpaka bosi akasema haya, tujaribu mara moja. Wageni wakifurahi, kila mkutano utakaokuja utapitishwa Boko. Wasipofurahi, hapatakuwa na mara ya pili.

Kwa hiyo Ijumaa tulihamia kwa mjomba wote. Mama alifagia uwanja mara mbili. Mjomba alikitoa ndani kinyago chake kikubwa, alichokianza kabla ya masika: watu wamebebana, mmoja juu ya mwingine, bibi kizee chini kabisa na vitukuu juu, wote kwenye gogo moja la mpingo linalonifika kifuani. Mie nikapewa soksi kuukuu na kopo la dawa nyeusi ya viatu, niving'arishe vinyago vyote. Wachongaji wote wanafanya hivyo. Mpingo wenyewe ni mweusi, ila ukishapigwa msasa unabaki umepauka kama ngozi isiyopakwa mafuta. Ukipaka dawa na kusugua, unaamka. Nilisugua mpaka kucha zote zikawa nyeusi, na sabuni haikuzitoa.

Jumamosi nikamkuta dereva hotelini anafuta vioo. Nikamwamkia shikamoo. Akauliza kwetu wapi, nikamwambia sie ni Wamakonde wa Newala. Yeye ni Myao wa Tunduru. Uso ukamchangamka.

"Marahaba! Kumbe siku hizi kampuni inaajiri na Wamakonde? Jamani, tutafika kweli?"

Ndivyo nilivyojua ni mtani wetu. Kwa watu wa kusini, mtani anaruhusiwa kukuambia lolote mbele ya yeyote, na wewe huruhusiwi kununa. Babu alipofariki, mtani mmoja alishuka kaburini, akajilaza, akagoma kutoka mpaka apewe jogoo, na watu waliokuwa wanalia wakacheka. Nilikuwa mdogo lakini nakumbuka mama akicheka na machozi yake. Mtani akikusalimia kwa adabu tu, unaanza kujiuliza umemkosea nini.

Kunduchi mambo yalienda vizuri. Watoto walikuwa sita, nikawahesabu mpaka wakaanza kunihesabu na wao. Kulikuwa na mama mmoja wa makamo, nywele nyeupe, mume wake daktari, amekuja na wajukuu wawili. Alikuwa na kijitabu, kila kitu anaandika. Aliniuliza habari za yale makaburi ya zamani yaliyopachikwa sahani, nami nikamjibu taratibu, na yeye akasubiri nimalize. Sijazoea mtu anisubiri nimalize. Kufika njia ya Boko nilikuwa nimeshaongea naye Kiingereza kingi kuliko nilichoongea darasani mwaka mzima. Akaniambia anatafuta kitu kizuri cha kuweka ukumbini, kwenye hospitali yao. Nikajua ameshapata.

Mjomba alikuwa amevaa shati lake la Idi. "Karibuni, karibuni sana," akamshika kila mtu mkono, hadi watoto. Yule mama alienda moja kwa moja kwenye kinyago kikubwa. Akapiga magoti vumbini na suruali yake nyeupe, akamgusa yule bibi wa chini kidevuni.

"Muulize, huyu ni nani?"

Nikamuuliza mjomba. "Mwambie ni mama yangu," mjomba akasema. "Pua nimempunguzia kidogo. Ningeiweka kama ilivyokuwa, angenitokea ndotoni anichape."

Nikatafsiri. Yule mama akacheka mpaka akakaa chini. Akasema anakitaka, hichohicho, na kwamba watu wote wa mkutano lazima waletwe wakione. Ndipo dereva alipoingia getini na chupa yake ya maji, akamwona mjomba.

"Lo! Kumbe ndo tumeletwa kwa huyu? Wageni, shikeni mifuko yenu, Mmakonde huyu! Sie Wayao tunawajua. Na huo si mpingo, ni mwembe wa jirani. Kauiba, kaupaka dawa ya viatu!"

Mjomba alifurahi kama kapata ndugu aliyepotea. "Nani kamfungulia Myao geti? Basi zima watu wa maana, wakamchanganya na huyu! Dada, hesabu vikombe kabla hajatoka!"

"Nyamaza wewe. Siku ukifa nitalala mlemle shimoni, nione watakuzika wapi."

"Lala! Tutakufukia humohumo, shimo nitaagiza wachimbe pana."

Mama, ndiye dada mwenyewe, alikuwa amejishika mbavu. Majirani dirishani wanacheka. Mie pia nilicheka. Yule mama wa kijitabu alikuwa anatabasamu lile tabasamu la mtu asiyejua wenzake wanacheka nini.

"Anasemaje?" akaniuliza.

Nikamtafsiria. Kwamba dereva anasema huu si mpingo, ni mwembe wa wizi, umepakwa dawa ya viatu. Nilitafsiri sawasawa, kama zoezi, na kwa sekunde moja nilijivunia. Halafu nikaona tabasamu limeondoka. Nilitaka kumweleza habari za watani, za kaburi na jogoo, lakini yalikuwa maelezo marefu, na wakati nayapanga kichwani, yeye alishapitisha kidole kwenye shavu la bibi.

Kidole kilitoka cheusi.

Akakitazama. Akanitazama mie. Nikaiingiza mikono yangu kwenye mifuko ya sketi, asizione kucha zangu. Hilo ndilo nililofanya. Kumwambia "hiyo nimepaka mwenyewe jana, ni ya kung'arishia tu" ilikuwa sentensi moja, Kiingereza chake nakijua, hata sasa naweza kuiandika bila kosa. Nikaficha kucha.

Hakugomba. Alijifuta kwa tishu, akawanong'oneza wenzake wawili, nao wakajaribu kwenye twiga mdogo, tishu ikawa nyeusi. Baada ya dakika chache wakasema watoto wanaona joto, ni bora waondoke. Mjomba ndo kwanza alikuwa ameweka gogo jipya na tezo yake ya kuchongea chini ya kivuli cha bati, awaonyeshe kinyago kinavyoanza.

"Mbona mapema?" akaniuliza. "Kazi hawajaiona. Waambie dakika kumi tu, nawachongea kitu mbele yao."

"Watoto wamechoka, mjomba," nikasema.

Ndani ya basi yule mama alinishika mkono. Alisema ananishukuru kwa ukweli wangu, kwamba anaelewa haikuwa rahisi kwangu. Nikajibu "karibu" kwa Kiingereza, vile tulivyofundishwa. Dereva mbele alikuwa anapiga mluzi. Hakuwa na habari.

Bagamoyo tulikaa saa nne. Saa nne nzima yule mama alikuwa hatua chache kutoka nilipo. Kila nikisema sasa namfuata, mtoto mmoja anataka maji au anataka chooni, na mie nafurahi ametaka.

Jumapili mama mdogo akapiga simu. Wageni walikuwa wamemwambia bosi kwamba yule mzee anauza miti iliyopakwa rangi, wameona kwa vidole vyao. Amejitetea mpaka amechoka, bosi kafuta Boko. "Nani kawatia hayo maneno? Wewe ulikuwepo."

"Sijui, mama mdogo."

"Kuna mtu kasema kitu?"

"Hamna."

Siku hiyo kwenye daftari niliandika tu kwamba tulikwenda Kunduchi na Bagamoyo na hali ya hewa ilikuwa nzuri.

Mama hakuwa na moyo wa kumwambia kaka yake neno lile la rangi. Alimwambia kampuni imebadilisha njia. Mjomba hakuamini. Aliona wageni walivyoondoka kabla ya saa yao, na akaamua kosa liko kwenye kazi yake. Alianza kuniuliza maswali. Wazungu wanapenda nyuso gani? Unadhani niliwachonga wamekunja sana sura? Yule mama alikipenda, halafu akakikataa, aliona nini pale? Nilikuwa najibu "sijui", ile ile niliyomjibu mama mdogo.

Halafu jioni moja mwezi uliopita mama alinituma nimpelekee mboga. Nikamkuta amekilaza kinyago kikubwa kwenye gunia, patasi mkononi, anayapunguza mashavu ya yule bibi. Alikuwa anajaribu kumfanya acheke. Shavu moja lilikuwa limeshakwenda, na mdomo umepinda upande.

"Mjomba acha," nikasema. Sauti ilitoka kubwa mpaka nikashtuka mwenyewe.

Nikamwambia yote, nimesimama na mboga yangu. Nilichotafsiri. Kidole. Kucha. Mama mdogo aliponiuliza. Hakunikatiza. Nilipomaliza akaigeuza patasi mkononi, akaitazama ncha yake.

"Sasa si ungeniita?" akasema. Hakuwa mkali. "Ungesema tu, mjomba, njoo. Ningechukua tezo nikabandua kipande hapa chini kwenye kitako, aone weusi ulivyokwenda hadi ndani. Hata dakika isingeisha."

Nikaanza kulia. Aliniacha nilie. Alikuwa anampapasa bibi pale penye shavu lililokatwa, kwa kidole gumba, kama anatafuta kitu alichokiangusha.

"Mama yako mdogo mwambie," akasema. "Kaniombea kwa bosi wake, ameaibika bure."

Nilimwandikia ujumbe hapohapo, mrefu kuliko wote niliowahi kumtumia. Alijibu upesi. *Ungesema siku ile ningemuwahi yule mama kabla hajapanda ndege. Saa hizi bosi anawapitisha wageni kwa watu wengine.* Nikamsomea mjomba. Akatikisa kichwa, akauliza kama mboga ni matembele au kisamvu.

"Na mzee wa basi je?" nikauliza. "Nimwambie na yeye?"

Dereva bado anapitaga Boko na basi lake, na akipita lazima apige honi apayuke jambo kuhusu Wamakonde, na mjomba lazima atoke getini amjibu.

"Huyo usimwambie," mjomba akasema. "Akijua, hatanitania tena."

Akanipa msasa nishike, na kinyago akakisimamisha nikikumbatie kisiyumbe. Kisha akaanza kulilinganisha shavu la pili na lile alilolikata, kidogokidogo, kwa sababu la kwanza halirudi.