Daktari Vestine na Fizi za Bobi

Bado nashika simu nimpigie Vestine, halafu ndipo nakumbuka. Jumapili alitoka misa, akajinyoosha apumzike kidogo, hakuamka tena. Yooo, Mungu wangu!

Kwa msiomfahamu: alikuwa daktari wa mifugo hapa Kigali, na mimi msaidizi wake kliniki kwa miaka tisa. Yeye alikulia Uganda, mimi Bukoba. Kiswahili chetu kilikuwa mchanganyiko na vicheko.

Ngoja niwape kisa kimoja tu.

Tulipigiwa simu kutoka Ndera, pembezoni mwa mji. Bobi, mbwa wa Mama Josiane, hali chakula, anatokwa udenda, anaunguruma akiguswa. Majirani walishakata shauri: ni kichaa cha mbwa, auawe. Tulimkuta amefungwa kwenye mparachichi, wanaume wawili wameshika rungu.

Vestine akauliza, "Mama, kadi ya chanjo iko wapi?"

Kadi ikaletwa. Chanjo zote sawa. Akavaa glavu, akamfunua mdomo taratibu.

Harufu! Wale wa rungu ndio walikuwa wa kwanza kurudi nyuma.

"Hii si kichaa," akasema. "Iko na fizi zimeoza. Wewe ukiumwa meno hivi, utacheka?"

Tukampeleka kliniki, akachomwa sindano ya usingizi, meno yakasafishwa, manne yakang'olewa. Akaandikiwa antibayotiki, full dose.

Siku ya tatu Bobi akala vizuri. Mama Josiane akaacha vidonge. "Si amepona?" Baada ya wiki mbili, usaha tena.

Mimi nilikasirika kweli. Vestine hakumgombeza. "Mama, maumivu yanatangulia kuondoka. Vijidudu bado viko."

Basi akawa anapitia Ndera mwenyewe kila asubuhi kabla ya kazi, kwa pikipiki, kidonge amekificha ndani ya kiazi kitamu. Mpaka dozi mpya ikaisha!

Nikamwuliza, "Boss, hii ni follow-up gani?"

"Bobi anamlindia yule mama watoto," akajibu. "Acha nami nimlinde."

Bobi aliishi miaka minne zaidi. Siku moja mmoja wa wale wa rungu akaingia kliniki, kifuani amekumbatia mtoto wa Bobi. Anataka apimwe fizi! Vestine alicheka hadi miwani ikadondoka.

Dada yangu Vestine, jana makaburini nililia sana. Leo nimeamka moyo mwepesi. Ulifanya kazi uliyoipenda, na ulijua kwamba tunakupenda. Pumzika sasa, Vestine wangu. Ulale salama.